Joto la Shimo

Ugomvi ulianzia kwenye dumu. Ni lile dumu la njano la lita 20 linalokuja na mafuta ya kula na kumalizia maisha yake kwenye foleni ya bomba, ila hili lilikatwa juu, likajazwa udongo mwekundu zaidi ya nusu, likafunikwa kwa mfuniko uliotobolewa kwa msumari wa moto. Ndani yake kuna buibui mwenye manyoya, mpana kama kiganja cha mtoto. Wanafunzi walimfukua wakichimba shimo la choo, na mwalimu wao wa baiolojia akaona somo limejileta lenyewe.

Juni hapa Nangwa upepo huteremka kutoka mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, na asubuhi watoto huenda shule wamejitanda shuka juu ya sweta. Basi swali likawa hilo: mnyama huyu tumtie joto au tumwache? Tumnyunyizie maji au tumwache? Nimewakalisha benchi moja watu wanne, nikamwachia kila mmoja sauti yake, na pale uzalendo uliponishinda nimeingilia. Mwalimu mnamjua tayari. Babu ni Mwiraqw aliyehamia huku kutoka Kainam, Mbulu. Mjukuu wake anasoma Hamburg, amekuja likizo. Wa nne ni jirani yao ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Vifaranga, na ukipita nje ya banda lake hutauliza kwa nini.

MJUKUU: Shikamoo, Mwalimu. Samahani kuanza na lawama, lakini huyu utamuua. Leo asubuhi maabara yako ilikuwa na digrii 13. Kule niliko wafugaji wana kadi yao: mchana digrii 25 hadi 28, usiku isishuke chini ya 20, unyevu wa hewa asilimia 60 hadi 70. Chini ya chombo unaweka mkeka wa umeme, pembeni unabandika kipimo cha unyevu. Mshale ukishuka, unanyunyiza maji.

MWALIMU: Marahaba. Hiyo kadi ni ya buibui yupi?

MJUKUU: Karibu wote wa Afrika. Wangu ni yule wa rangi ya chungwa, Pterinochilus murinus. Dukani ameandikwa “Usambara”.

BABU: Yaani umepanda ndege ukaenda Ulaya kununua buibui wa Tanga?

MJUKUU: Tanga haijui, babu. Yeye amezaliwa Ujerumani, na mama yake vilevile.

Hapa niingilie mapema. Buibui hawa waliandikishwa Ulaya kabla babu zetu hawajaandikishwa kodi. Pelinobius muticus, jitu la nyika za Kenya na Tanzania ambalo likinyoosha miguu hufikia sentimita 20, alipewa jina na Ferdinand Karsch mwaka 1885, mwaka uleule Kaiser alipompa Carl Peters hati ya ulinzi juu ya nchi ambayo hakuwahi kuiona. Yule wa rangi ya chungwa alipewa lake na Reginald Innes Pocock, London, mwaka 1897. Wazungu huwaita wote buibui wa nyani, eti ncha za miguu yao zimefanana na vidole vya nyani. Huyu wa kwenye dumu hatumjui jina. Kuwatofautisha ni kazi ya darubini na subira: Richard Gallon aliandika utafiti mzima, ukatoka mwaka 2002, kwa ajili ya kuzipanga upya jenasi mbili tu. Kwa hiyo kadi inayosema “wa Afrika” ni sawa na daktari anayekuandikia dawa kwa sababu umeingia na miguu miwili.

MWALIMU: Tuseme kadi ni sahihi. Hizo digrii 25 ni joto la wapi? Kisanduku cheupe cha hali ya hewa, kile cha somo la jiografia, kinasimama usawa wa kifua cha mtu, kivulini. Hakuna buibui anayeishi usawa wa kifua changu.

BABU: Mimi nilizaliwa chini ya ardhi.

MAMA VIFARANGA: Mzee!

BABU: Sitanii. Kule Kainam baba yangu alichimba ubavu wa kilima, akasimamisha nguzo, akalaza miti na fito, akafunika kwa udongo. Ukija kwa juu huoni nyumba, unaona kilima kimeendelea. Wamasai walipokuwa wanakuja kuchukua ng’ombe wangeweza kupita juu ya paa na wasijue kuna watu chini yao. Ndivyo wazee walivyotuambia. Lakini mimi nakwambia habari ya joto. Juni kama hii, nje umande unauma, ndani tunalala na ng’ombe, hatuna blanketi na hatuna shida. Oktoba, nje vumbi na jua la utosi, ndani kuna ubaridi wa mtungi. Nyumba ile haikuwa na dirisha wala kipimo. Sasa ninalala kwenye tofali na bati. Mchana tanuri, usiku jokofu. Wanangu wanasema nimeendelea.

MWALIMU: Mzee amesema fizikia nzima. Jua likipiga udongo, joto linashuka polepole, na kila likishuka linapungua. Katika udongo wa kawaida, tofauti ya mchana na usiku inapungua kwa nusu kila baada ya sentimita nane hivi. Kama juu vinapishana kwa digrii 16, sentimita 30 chini vinapishana kwa digrii moja na kidogo. Tena linachelewa. Joto la saa nane mchana linamfikia aliye chini huko karibu na usiku wa manane, wakati juu kumeshapoa. Buibui anayeishi shimoni anapashwa joto usiku na jua la mchana. Umeme wa nini?

Nilidhani mjadala umekwisha. Mjukuu hakukubali, na nakiri kwamba alichosema ndicho kilichonifanya niandike makala haya badala ya kucheka na kwenda zangu.

MJUKUU: Babu yuko sahihi, na wewe Mwalimu uko sahihi, kama mnazungumzia kilima. Lakini hili ni dumu. Kilima kinapigwa na baridi upande mmoja tu, wa juu. Dumu lina pande nne, na zote nne ziko kwenye hewa ya maabara, juu ya meza ya saruji, chini ya bati. Buibui akichimba sentimita 15 humo ndani, atakuta digrii 13 zilezile alizozikimbia. Mmechukua hesabu za mlima mkazitia kwenye ndoo.

BABU: Mtoto ana hoja.

MWALIMU: Ana hoja.

MAMA VIFARANGA: Mmemaliza kusifiana? Mwanangu, huo mkeka wa umeme unakaa wapi?

MJUKUU: Chini ya chombo.

MAMA VIFARANGA: Na mnyama wenu akisikia joto hufanya nini?

MJUKUU: Huchimba.

MAMA VIFARANGA: Kuelekea wapi?

Mjukuu akanyamaza kidogo, halafu akaanza kucheka mwenyewe. Maana hapo ndipo penye kosa ambalo limewaunguza buibui wengi kwenye nyumba za watu wenye nia njema. Mnyama wa shimoni ameumbwa na kanuni moja: juu kukiwa na moto, shuka. Maelfu kwa maelfu ya vizazi kanuni hiyo haijamwangusha. Ukiweka moto chini umeigeuza dunia yake. Anakimbia joto kwa kulifuata, anachimba hadi anagusa plastiki yenye moto, na hapo hana kanuni nyingine. Wafugaji makini wa Ulaya siku hizi hubandika mkeka ubavuni, upande mmoja tu, na kuufunga themostati ili chombo kiwe na upande wa joto na upande wa ubaridi, mwenyewe achague. Wengine wameachana na mkeka kabisa, wanapasha chumba.

MAMA VIFARANGA: Kuchagua ndiyo kila kitu. Mimi nikiingia bandani siangalii kipimajoto. Vifaranga vikijirundika chini ya taa, vina baridi. Vikikimbilia kutani vikaachama midomo, vinaungua. Vikitawanyika vinakula na kulia kidogo kidogo, narudi kulala. Kipimajoto ninacho, kimening’inia, alinipa bwana mifugo. Kinanisaidia kujua ni mkaa kiasi gani niongeze. Hakinisaidii kujua kama vifaranga wamelala vizuri.

MJUKUU: Lakini kifaranga analia, mama. Buibui halii.

MAMA VIFARANGA: Halii, lakini hana sehemu anakaa?

MJUKUU: Anayo. Akikaa mdomoni mwa shimo mchana kutwa, chini hapakaliki: kumelowa, au kuna moto. Akining’inia kwenye mfuniko, udongo haumfai. Akiziba mlango kwa udongo na uzi wake, ameamua kukaa ndani, pengine anataka kujivua gamba, na hapo unamwacha. Akikunja miguu chini ya tumbo kama ngumi, kaishiwa maji, na umechelewa au karibu umechelewa.

BABU: Kumbe unajua. Sasa kadi ya nini?

Kwa faida ya msomaji aliyeshtuka: kujivua gamba hapa ni gamba lenyewe, wala si lile lililotangazwa na chama mwaka 2011. Buibui hukua kwa kuvua ngozi yote ngumu ya nje, hadi ya kwenye meno. Jike hufanya hivyo maisha yake yote, na maisha hayo yanaweza kupita miaka 20. Miguu yake haina misuli ya kuinyooshea. Huinyoosha kwa kusukuma maji ya mwili, kama jeki ya lori. Siku ya kujivua gamba jeki hiyo inafanya kazi kuliko siku zote. Aliyekaukiwa hukwama nusu ndani nusu nje, na wengi hufia hapo. Ndiyo maana watu wa Ulaya wanauogopa ukavu, na hofu yao si ya bure. Swali ni maji yanamwingiaje.

MJUKUU: Haya, tuje kwenye unyevu. Nina kipimo changu. Nimekiweka juu ya dumu tangu asubuhi: asilimia 41. Kadi inataka 60. Juni hadi Oktoba hapa hainyeshi. Msiponyunyiza atakauka.

MWALIMU: Kipimo chako kinapima hewa ya juu ya dumu, ambayo ni hewa ya maabara, ambayo ni hewa ya Hanang yote. Shika mahesabu kidogo. Hewa ya digrii 20 iliyoshiba mvuke kabisa, asilimia 100, hubeba gramu 17 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ipashe joto hadi digrii 30 bila kuongeza tone wala kupunguza tone. Maji ni yaleyale gramu 17, lakini sasa kipimo kinasoma asilimia 57, kwa sababu hewa ya digrii 30 ina nafasi ya gramu 30. Kwa hiyo ukiwasha mkeka wako, mshale unashuka. Ukiona umeshuka, unanyunyiza. Ukinyunyiza kwenye chombo kisichopitisha hewa, ukungu unaota. Ukiona ukungu, unafungua matundu. Ukifungua matundu...

MJUKUU: Mshale unashuka.

MWALIMU: Na wewe unanyunyiza. Hiyo ni kazi ya kudumu, ina malipo ya uzeeni.

BABU: Mimi nimechunga ng’ombe miaka mingi. Kiangazi kikikaza unampeleka lambo akanywe. Sijaona mtu anachukua chupa anamnyunyizia ng’ombe mgongoni ili asife kiu.

Hii ndiyo hoja ambayo ningeiweka mbele ya mfugaji yeyote wa buibui wa nchi kavu, Hamburg au Nangwa. Wafugaji walioishi na wanyama hawa miaka mingi wengi wamekwisha kufika hapo: kisahani cha maji safi kikae humo siku zote, mnyama anywe anapotaka, na asilimia za hewani zishushwe cheo. Buibui hupumua kwa mapafu yenye kurasa nyembamba zilizopangwa kama daftari, na maji humpotea kupitia humo. Kupotea huko hakuna madhara ikiwa kuna pa kuyarudisha. Anayarudisha kwa kunywa na kwa kula panzi mnene. Hewa yenye mvuke mwingi iliyosimama bila kupita humletea ukungu na utitiri. Zamani watu waliweka sifongo kwenye kisahani wakidhani buibui hunyonya kama mtoto. Sifongo ilifuga vijidudu, buibui akaendelea kunywa pembeni.

MJUKUU: Basi nimwagie udongo maji mengi, ulowe wote, unyevu utoke chini wenyewe?

BABU: Hapana. Udongo ukilishwa maji kupita kiasi unaacha kuwa udongo. Hilo sisi hatuhadithiwi. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima ulishuka Katesh.

Benchi likakaa kimya. Zaidi ya watu 80 walikufa siku ile, na hakuna familia ya Nangwa isiyojua angalau jina moja. Aliyelifungua tena neno ni Mama Vifaranga, na alilifungua kwa sauti ya chini.

MAMA VIFARANGA: Kona moja tu, mwanangu. Mwagia kona moja, taratibu, maji yashuke hadi chini ya dumu, juu pabaki pakavu. Hata kwenye maranda ya vifaranga ni hivyo, nalowesha pembeni ya chombo cha maji, kwingine pakavu. Palipolowa patakuwepo, palipokauka patakuwepo. Atakwenda anapotaka.

MWALIMU: Ndivyo udongo wa porini ulivyo kiangazi. Juu umepasuka, chini unashikika ukiuminya. Hewa ya ndani ya shimo, iliyozungukwa na udongo wa namna hiyo na kuzibwa mlango, haina ukavu wa hewa ya nje. Kipimo chako kingesoma namba nyingine kabisa kama kingeingia humo. Lakini hakiingii, na kikiingia yeye atakihamisha.

BABU: Sisi tunawaona mvua za kwanza. Kiangazi huwaoni, mlango umefungwa, utadhani wamehama. Mvua za Novemba zikianza, madume yanatembea njiani jioni yakitafuta wake. Mnyama aliyepanga mwaka wake hivyo mnataka kumpa asilimia 65 kila siku, Januari hadi Desemba? Hata binadamu angechanganyikiwa.

MJUKUU: Nakubali la unyevu. La baridi sijakubali. Dumu bado lina pande nne.

Na hapo hakuna aliyembishia tena. Kama kuna kitu nimejifunza kwenye benchi lile ni kwamba yule wa kadi alikosea namba lakini alikuwa na wasiwasi wa haki, na wale wa kilima walikuwa na elimu ya haki wakaitumia mahali pasipo pake. Kifungo, kiwe kizuri namna gani, humnyang’anya mnyama kina. Alikuwa na mita za udongo kati yake na usiku wa Juni; tumempa unene wa plastiki. Joto na unyevu havikuwa vitu alivyopewa na mtu, vilikuwa umbali, sentimita ngapi ashuke na ngapi apande. Mtu anayefuga akiuliza “digrii ngapi?” ameuliza swali la pili. La kwanza ni udongo kiasi gani.

MAMA VIFARANGA: Pande nne si tatizo. Lizikeni.

MWALIMU: Nini?

MAMA VIFARANGA: Dumu. Chimbeni nyuma ya maabara, chini ya mchongoma, pasipo na jua la mchana na pasipotuama maji. Lizikeni mpaka shingoni. Toboeni kitako maji yasikae, matundu madogo asitoke. Pande nne zitakuwa kilima.

BABU: Huyu mama angejenga Kainam.

MJUKUU: Na chombo cha kioo dirishani, wanavyoweka wengine ili kipendeze?

MWALIMU: Umewahi kukaa ndani ya gari lililofungwa vioo, limeegeshwa juani stendi ya Babati?

MJUKUU: Nimeelewa.

Likabaki la mwisho, ambalo kwa haki lingekuwa la kwanza, na aliyeliuliza hakuwa na haraka nalo.

MAMA VIFARANGA: Sasa mnamfuga wa nini?

MWALIMU: Wanafunzi wamwone akijenga mlango wake. Wakimjua hawatampiga jembe kila wakimwona. Huyu hana sumu ya kuua; wa jamii ya yule wa rangi ya chungwa wanauma vibaya, misuli inakakamaa, unaweza kulala siku mbili, lakini kifo chake sijakisikia. Hakuna kumshika. Wa huku Afrika hawana yale manyoya ya kuwasha wanayorusha wenzao wa Amerika, wana meno tu, na wanayatumia mapema. Nitakwenda Katesh kwa watu wa maliasili niwaeleze ninaye, na mvua zikianza tunamrudisha alikotoka.

MJUKUU: Ningewapeleka wawili Hamburg wangelipa ada yangu ya muhula.

MWALIMU: Usithubutu. Serikali ilizuia kusafirisha wanyama hai nje tangu 2016. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua kwa miezi sita, wananchi wakapiga kelele, likasitishwa ndani ya siku chache. Na wewe mwenyewe umesema wako amezaliwa Ujerumani. Wanazaliana huko kama kuku wa mama huyu. Wa kutoka shimoni wa nini tena?

MJUKUU: Nilikuwa natania, Mwalimu.

BABU: Alikuwa anatania nusu.

Walilizika dumu jioni ileile, Babu akielekeza kwa fimbo bila kushika jembe. Mjukuu akaondoa kipimo chake, akakisoma mara ya mwisho, asilimia 38, akakitia mkobani bila kusema kitu. Asubuhi ya tatu mlango ulikuwa umezibwa kwa uzi mweupe na chembe za udongo, na wanafunzi walioamka mapema kumwangalia hawakuona lolote la kuangalia.

Ikaja likizo. Shule inafungwa wiki nne, Mwalimu anakwenda kwao, Mjukuu anarudi Ulaya. Chakula si tatizo, buibui mzima mwenye tumbo nene hukaa miezi bila kula. Lakini kisahani hukauka kwa siku chache na upepo huu. Wote wakamtazama Babu.

BABU: Mimi sifugi kisichokamuliwa.

MAMA VIFARANGA: Nitajaza mimi, nikija bombani. Ila mfuniko sifunui. Nitamiminia kwenye tundu.